Tajriba ya Utafiti

Fomu yauliza: una tajriba gani ya utafiti?
Maneno mia mbili, yasizidi.

Nimekaa Chiromo, maabara ya juu,
kipande cha jiwe la Njiru chini ya darubini,
chembamba kuliko ukucha,
mwanga ukipenya kama kwenye chai ya rangi.
Mwisho wa kutuma ni leo, saa sita usiku.

Baba hakuwahi kuandika neno "fonolaiti".
Aliligonga jiwe kwa nyundo, akatega sikio.
Likilia kama kengele: "Hili la msingi."
Likinyamaza: "Lina ufa ndani, liache."
Miaka ishirini na sita timboni,
mpaka kifua chake nacho kikaanza kulia.

Daktari Makokha asema ufadhili upo,
miaka miwili, kupima mitetemeko ya Bonde la Ufa.
Waombaji mia nne. Nafasi tatu.

Nafuta. Naandika. Nafuta.
Dirishani, mji mzima juu ya lava iliyopoa,
maghorofa yamewasha taa,
hayaulizi yamesimama juu ya nani.

Basi naandika:
Nilianza utafiti nikiwa na miaka saba,
alfajiri, nimemshikia mtu tochi,
naambiwa nyamaza,
sikiliza.