Sentimita Tatu

Springi ya shule yetu ilikuwa moja,
na kazi yake haikuwa kufundisha.
Ilifunga mlango wa maabara.
Fundi aliichomoa kwenye kiti cha lori lililofia kona ya Ikonda,
akaifunga kwa misumari miwili,
kwa sababu Tandala mwezi wa Juni
baridi haibishi hodi.

Siku ya somo Mwalimu Tweve akapanda stuli, akaitungua,
akaitundika kwenye boriti.
Mlango ukabaki wazi. Ukungu ukaingia,
ukaketi nasi kama mwanafunzi mgeni asiye na daftari.

Mawe ya mizani hatukuwa nayo. Tulikuwa na viazi,
vilivyopimwa dukani kwa Mama Ilomo, nusu kilo nusu kilo,
ndani ya mifuko ya sukari.
Mfuko mmoja: sentimita mbili.
Miwili: nne.
Mitatu: sita, na Osmundi akapiga mluzi,
maana hapakuwa na kitu kingine pale shuleni,
si jenereta, si ratiba, si uji wa saa nne,
kilichotimiza ahadi namna ile.

Tukaweka nukta, tukapitisha rula.
Mstari ukanyooka kuliko barabara yoyote ya Makete.
Mwalimu akapaka chaki chini yake, pembetatu nyeupe:
“Hii ndiyo nishati mliyoiweka akiba.
Nusu ya nguvu, mara urefu ulioongezeka.
Na mkivuta mara mbili, akiba inakuwa mara nne.
Nitajieni benki ya Njombe inayotoa riba hiyo.”

Wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono.
Kwa nini nusu?
Mfuko ni mzima, viazi ni vizima,
nusu nyingine kaila nani?

Kitabu kilijibu kwa Kiingereza, mistari miwili.
Yeye alikifunga.
“Vuta kwa mkono wako,” akasema, “polepole, usikilize.”
Nikavuta. Nikasikia kengele ya chakula.

Usiku nilirudi peke yangu na kibatari
na ndoo ya lita kumi, viazi hadi ukingoni.
Nilitaka ile mara nne, kisha mara nne yake.
Springi ilishuka. Ikashuka.
Haikulia, haikukatika, pete zake ziliachana tu
kama watu waliochoka kushikana mikono.
Nilipoitua ndoo ilipanda haraka, ikasita,
na pale iliposita ndipo ilipobaki.
Nilipima mara tano. Sentimita tatu hazikurudi.
Nikakaa nikizisubiri, mpaka mafuta yakaisha.

Mwalimu hakunichapa.
Aliirudisha springi mlangoni, akaachia.
Mlango ukaja wenyewe, kwa adabu zake zote,
ukabakiza mwanya. Akaweka rula:
tatu kamili.
“Hizo ni zako,” akasema.

Nikahamishiwa dawati la mlangoni.
Kila aliyepita, mimi nilimalizia kwa kiganja
kile ambacho chuma kilikuwa kimesahau.
Na kwa kuwa sikuwa na la kutazama, nilitazama wanaofungua:
yule mdogo wa kidato cha kwanza, Tulalumba,
aliuanza mlango kwa kidole kimoja, akiongea na wenzake,
akafika katikati kwa mkono,
akamaliza kwa bega, meno yameumana.
Mwanzo ni sifuri. Mwisho ni nguvu yote.
Aliyepita katikati ya hizo mbili
hakubeba mzigo mzima tangu hatua ya kwanza.
Nusu haikuliwa na mtu.
Haikuwahi kuwepo.

Nilisimama nimwambie mwalimu,
lakini alikuwa likizo ya uzazi Bulongwa,
na aliyemshikia zamu alikuwa mtu wa jiografia.

Mtihani wa Novemba, swali la nne:
eleza maana ya kikomo cha mnyumbuko.
Niliandika maneno ya kitabu, alama mbili.
Nje mvua ilikuwa imeanza,
na ule mwanya ulinipuliza shingoni
wakati wote niliokuwa naandika.