Aliyezaliwa Njiani

Kwenye faili wameandika: mtu mzima wa kiume.
Kosa: nyaya za shaba, kilo tatu na nusu,
uani kwa mtu, mtaa wa Obunga.
Umri: hapo palikuwa wazi,
kisha mkono mwingine, kwa wino mwingine,
ukajaza kumi na tisa.

Nimemwona huyo mtu mzima.
Seli ya watu wanane, wamo ishirini na wawili,
naye amekalia ndoo iliyopinduliwa,
suruali kaifunga kwa uzi wa gunia.
Hakuniuliza habari za dhamana.
Aliniuliza kama nina simu yenye salio
nimpigie mwalimu wa gredi ya saba,
asimfute kwenye daftari.

Daktari alimfungua kinywa
kama mnunuzi wa punda sokoni.
Magego ya mwisho, akasema, yanachungulia.
Akaandika: kati ya kumi na sita na kumi na tisa.
Basi sheria ya nchi ikakwama
kwenye ufizi wa mtoto,
haiendi mbele, hairudi nyuma.

Cheti cha kuzaliwa hana.
Kadi ya kliniki hana.
Ana jina: Oyoo.
Kwao humwita hivyo aliyezaliwa njiani
kabla mama hajafika alikokuwa akienda.

Hakimu alinipa hadi Alhamisi.
Petroli ya idara iliisha Februari,
nikakopa kwa Sista Perpetua wa makao ya Mamboleo,
ambaye naye anadaiwa maziwa ya miezi miwili.
Wakili Khayanga, anayelipwa kwa ahsante,
alinipa kofia yake ya pikipiki na kusema,
irudi na kichwa ndani.

Kano. Mpunga umeanikwa kando ya lami.
Bibi yake, Dorsila, anapepeta, haniangalii.
Alizaliwa lini, mama?
Mwaka ule Nyando ilipoingia jikoni.
Mama, Nyando huingia jikoni kila mwaka.
Akacheka, ungo ukasimama.
Sasa unataka nini? Mafuriko yaandikwe tarehe?

Nikanywa uji. Nikauliza habari za ng'ombe,
za mahari, za nani alikufa kabla ya nani.
Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa ziwa
aliposema, kama anayekumbuka chumvi:
siku ile hapakuwa na mwanamume wa kumbeba mama yake.
Wote walikuwa kanisani wanapandisha jiwe.

Jiwe gani?

Nyuma ya choo cha kanisa, chini ya majani ya malenge,
nililisugua kwa kanga ya Dorsila.
Utepe wa simenti, herufi zilizopinda:
tarehe kumi na nne, Machi, elfu mbili na kumi.
Nilihesabu kwa vidole, mimi mwenye diploma.
Nikahesabu tena.
Kumi na tano.

Alhamisi nilipeleka picha ya jiwe,
barua ya chifu, kiapo cha Dorsila chenye dole gumba.
Mwendesha mashtaka alisema mawe hayaapi.
Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa,
akakata kumi na tisa kwa mstari mmoja.
Mahabusu ya watoto, hadi kesi isikizwe.
Nyaya za shaba bado zipo kwenye faili,
na mwenye nyaya bado ana haki yake.
Sikuja kuzifuta.

Kwenye ngazi, kabla gari halijaja,
askari alimlegezea pingu bila kuombwa,
na Oyoo akaniuliza kwa sauti ya chini,
kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichoweza kununua:

Kwa hiyo, madam, mimi nilizaliwa Machi?

Machi. Jumapili.

Akaisema mwenyewe mara mbili, Machi, Machi,
akipima jinsi inavyokaa mdomoni
karibu na yale magego.

Kofia ya Khayanga ingali kwangu.
Mezani zimebaki faili sita,
na moja kati ya hizo
hata jina haina.