Subiri, Nikuunganishe

Simu yangu ni ya waya, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia.
Ina kufuli dogo kwenye tundu la namba tatu
tangu watoto walipokuwa watoto,
na ufunguo wake sijui uliko.
Haipigi tena popote. Inapokea tu.
Kama wewe, anasema Kavata wa nyumba ya pili,
halafu anacheka peke yake.

Wanaoijua namba hii wamebaki wachache:
dada yangu Kemunto huko Nyamira, ambaye sikio limemwisha,
kasisi, akitaka mchango wa paa,
na matapeli.

Matapeli ndio waaminifu. Saa nne kamili, chai bado ina mvuke,
"Hongera, mama! Namba yako imeshinda pikipiki!"
Pikipiki nitaiendesha kwa goti lipi?
Msichana wa bima ya mazishi ana sauti ya asali;
huniuliza umri wangu, kisha hufurahi kupita kiasi.
Yupo wa ploti za kule mbele ya Joska, karibu na lami:
karibu kwa kunguru, si kwa miguu.
Na yupo aliyesema mwanangu Onchiri kagongwa na gari,
daktari kashika kisu, anangoja elfu kumi na mbili.
Onchiri alikuwa jikoni kwangu akikwangua ukoko wa ugali.
Nikampa mkono wa simu: "Shika. Ni kuhusu mguu wako."

Hawajui wamempigia nani.
Miaka ishirini na sita nilikaa mbele ya ubao wa simu,
chuma cha masikioni kikinibana hadi nywele zikakataa kuota,
nikichomeka waya huku, nikichomoa kule,
Nairobi na Kisumu, Nairobi na Voi,
"Dakika tatu zimekwisha, unaongeza?"
Nimewasikia wanaume wakiapa kwa wake zao kuwa wako Nakuru
na mimi ndiye niliyewatoa baa ya River Road.
Uongo una pumzi yake. Huvutwa kabla ya neno,
kama ya mtu anayetaka kuruka mtaro.

Kwa hiyo siwatukani. Matusi ni ya wasioijua kazi.
Nasema kwa sauti ile ile ya zamani,
"Tafadhali subiri, nikuunganishe,"
kisha naulaza mkono wa simu juu ya kitambaa cha kufuma,
mdomo wake ukitazama redio inayosoma matangazo ya vifo,
na mimi naenda kuchambua mchele.
Bima ya mazishi ilisikiliza vifo kumi na kimoja.
Haijapiga tena.

Lakini Alhamisi, mvua ikiimwagikia Jericho yote,
alipiga mmoja ambaye sauti yake bado inavunjika.
"Mama, nimekutumia pesa kimakosa."
"Kwenye simu hii? Ya kufuli? Zimepita wapi, kwenye waya?"
Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia, maana sikio halistaafu,
mlango wa chuma, sufuria ikiburutwa kwenye saruji,
mtu akihesabu watu: arobaini na moja, arobaini na mbili.
Sijui kwa nini nilimwuliza, "Umekula?"
Pumzi yake haikuruka mtaro wowote.
"Bado. Leo ni maharagwe."
"Yameiva?"
"Hayaivagi."

Tukakaa hivyo, mimi na yeye na mvua,
bila mtu wa kutukata.
Kisha mwingine akamnong'oneza jambo,
naye akajikwaa kurudi kwenye karatasi yake:
"Sasa, mama, ile namba ya siri..."

Nilikuwa na maharagwe motoni tangu alfajiri.
"Subiri, mwanangu," nikasema, "nikuunganishe."
Nikauvuta waya hadi ulipokataa,
nikaulaza mkono wa simu kando ya sufuria,
nikafunua kifuniko kidogo.

Alikaa sana.
Dakika tatu zilikwisha. Sikumwuliza kama anaongeza.