Upande wa Nje wa Ukuta

Elfu kumi. Nimelipa bila kuomba punguzo,
mimi ninayebishania hata bei ya njegere.
Dada wa mlangoni akanigonga muhuri mkononi,
wino wa zambarau, kama nyama iliyopimwa na bwana afya.
Nikaingia.

Mwaka wa themanini na mbili sikuingia.
Kiingilio kilikuwa shilingi ishirini,
na mimi nilikuwa na viatu vya kaka yangu, na kamasi.
Nyota ya Usangu walishuka na treni kutoka Mbeya,
ngoma wamezifunika mablanketi kama wagonjwa,
na Makambako yote ikafuata nyuma
hadi mlango wa ukumbi, pale
wenye pesa na wasio nazo walipoagana.
Nikazunguka upande wa jiko,
nikabandika sikio kwenye tofali.
Upepo wa kwetu haupigi hodi:
sikio moja liliganda,
la pili likanywa besi mpaka alfajiri.

Sasa nimekaa ndani, kiti cha plastiki, safu ya tatu.
Tuko watu arobaini, ukihesabu na waliosinzia.
Wanapanda mmoja mmoja.
Asangalwisye wa gitaa la solo
kwanza anaota moto kwenye jiko la mkaa
walilomwekea kando ya spika;
anavigeuza vidole kama mtu achomaye mahindi,
ndipo anagusa uzi.
Mpiga tumba amekaa, goti limegoma tangu Chimala.
Mpiga saksafoni hayupo. Kiti chake kipo,
kimevalishwa koti lake la bluu,
na hakuna aliyetueleza, wala hakuna aliyeuliza.

Gwakisa anakohoa mbali na kipaza sauti.
"Makambako, hamjambo? Baridi yenu haizeeki."
Tunacheka. Anaanza ule wimbo,
ule wa mwanamke aliyeshuka kituo kisicho chake,
ila ameuteremsha, anauweka chini
kama gunia la viazi begani, polepole,
asije akateguka.
Na pale palipokuwa na mlima,
pale sauti yake ilipokuwa ikipanda
mpaka mbwa wa relini wanajibu,
anatugeuzia kipaza sauti.
Nasi tunapanda. Mama Ngailo wa duka la mbolea
anapanda kutupita wote, macho kafumba,
anamwimbia mtu tusiyemwona.

Ilikuwa vizuri, sisemi uongo.
Lakini nilikaa kama mgeni kwenye msiba wa jirani:
wimbo naujua, siutambui.
Kumbe ulikuwa na maneno yote haya? Na hizo kayamba?
Miaka arobaini nimeubeba bila maneno,
mdundo tu, uliochujwa na tofali.
Nimepakia nao mbao Mafinga,
nimebembelezea nao mtoto mwenye surua,
nimeingia nao kanisani siku ya ndoa,
mke wangu akadhani natetemeka.

Nikainuka. "Mbona mapema, baba?
Usiufute muhuri, utarudi," akasema dada.
Nikazunguka nyuma. Jiko limegeuzwa stoo ya mitungi ya gesi,
tofali zimepakwa rangi ya kampuni ya simu,
lakini ukuta ni ule ule.
Nikabandika sikio.

Ukaja.
Mnene, hauna uso,
ukapita kwenye taya, ukashuka kifuani,
ukakuta kila kitu mahali ulipokiacha.

Pembeni yangu palikuwa na kijana, kofia ya sufu,
ndoo ya mayai ya kuchemsha miguuni,
naye sikio ukutani.
Akasogea kidogo, akanipa nafasi.
"Mzee, na wewe umekosa kiingilio?"
Nikautia mfukoni mkono wenye muhuri.
"Nimekosa," nikasema.

Akanimenyea yai. Chumvi ikaondoka na upepo.