Sitini na Sita, Tisini na Tisa

Orodha yetu ilikuwa namba sitini na sita.
Yao, tisini na tisa.
Pindua moja, unapata nyingine.
Mtoto wa darasa la kwanza angeiona hatari,
lakini pale Paso Quemado tulikuwa na makubwa ya kugombania,
kama vile babu ya nani aliiba kondoo wa nani.

Usiku wa kuhesabu, shule ilinuka chaki na makoti mabichi.
Mei kule Uruguay baridi ndiyo inabisha hodi;
jiko la kuni lilitema moshi kuliko moto.
Yamila, karani wa meza, miaka kumi na tisa,
alifunga karatasi kumi kumi kwa mpira,
macho mekundu, vidole vya wino.

Niliona.
Hili sijamwambia mtu: niliona kabla yake.
Kitita kimoja kimesimamia kichwa
katikati ya vitita vyetu,
na sharubu za Dardo Sanguinet zikinitazama
kutoka chini kwenda juu.
Nikameza mate,
ya kinywani na ya kibuyuni.

Mia nne kumi na mbili kwa mia nne na tano.
Watu wetu wakaanza kukumbatiana.
Zulma Irigoyti hakukumbatia mtu.
Alivaa miwani yake, ile iliyofungwa kwa uzi wa sufu,
akanyoosha kidole:
"Yamila, mwanangu, hicho kigeuze."

Basi.
Kushinda na kushindwa vimepishana herufi moja,
nayo aliiweka mezani mwenyewe.
Tulianguka kwa kura kumi na tatu.
Dardo alimpa mkono, na mkono wake
ndio uliokuwa ukitetemeka.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, husemwa.
Sawa.
Lakini msemo huo haujawahi kuugua usiku
mahali ambapo zahanati hufungwa saa kumi na mbili jioni.
Daktari wa usiku: mstari wa kwanza wa ahadi zetu.
Dardo alitununulia vyungu vya maua, vya saruji,
saba, uwanjani. Nimevihesabu.
Agosti, Elbio Curbelo alishika kifua
na kilomita sitini za kokoto zikawa nyingi kuliko pumzi;
aliishia kwenye nguzo ya arobaini na moja.

Nilimwendea Zulma bandani, akitoa miiba kwenye sufu.
"Heshima yako imemuua Elbio," nilisema.
Alitoa mwiba. Akatoa mwingine.
"Ningemtazamaje Yamila?"
"Na mjane wa Elbio, unamtazamaje?"
"Kila Alhamisi," alisema.
"Namtazama kila Alhamisi. Nampelekea mkate."

Tangu hapo napima, na mizani yangu haitulii.
Kuna usiku Elbio ni mzito kuliko uchaguzi wote,
na ninaapa kwamba mtu safi ni anasa
ambayo mji maskini hauwezi kuilipia.
Kuna usiku mwingine najiona mimi,
koo likipanda na kushuka,
na najiuliza baada ya kitita kile
ningemeza nini tena,
na daktari wetu wa usiku
angelipwa kwa ukimya wa nani.

Yamila anafundisha sasa, katika chumba kilekile.
Watoto huchagua kiranja kila Machi.
Amewazoesha kupiga mstari chini ya kila sita,
chini ya kila tisa,
hata kwenye hesabu za kujumlisha maembe ya kitabuni
ambayo hawajawahi kuyaonja.
Wakimuuliza kwa nini, huwaambia waandike tu.

Jana nilipita kwa Zulma jua likizama.
"Umeshindaje?"
"Nimeshinda," alisema bila kuinua macho,
akanisogezea kibuyu.
Halafu, kana kwamba anazungumzia mvua:
"Usiku ule ulimeza kwa sauti, Wilmar."

Mate yalikuwa ya moto, machungu.
Sikuyatema.