Makande ya Zamu ya Usiku

Saa kumi na moja jioni, kabla sijavaa viatu vyeupe,
naosha maharage. Matatu yanaelea, nayatupa.
Mahindi ya kukoboa yamelala majini tangu jana.
Kitunguu kimoja, karoti mbili za Kiboriloni
zenye udongo bado shingoni.
Nayachemsha kwanza dakika kumi kwenye gesi, yatoe hasira,
kisha nayamimina katika kile chungu cha umeme
alichokuja nacho dada Ndeonasia kutoka ughaibuni,
kizito kama mtoto aliyekataa kutembea.
Chumvi baadaye. Chumvi daima baadaye:
Mama hunikumbusha kama hajawahi kunikumbusha.

Ameshuka kutoka Kibosho kutibiwa goti.
Amekaa kwenye kigoda, anakichungulia.
"Moto wake uko wapi?"
Ndani, Mama.
"Ndani wapi? Mbona hakisemi?
Chakula kisichosema kinaiva au kinasinzia?"
Namwambia asifunue. Ukifunua, joto linaondoka
na kurudi kwake ni nusu saa.
Ananitazama jinsi anavyowatazama watu wa bima.

Wodini nina vitanda kumi na sita na wagonjwa kumi na wanane.
Saa tano usiku umeme unakatika.
Jenereta inakohoa, inakohoa tena, inashika.
Taa zinawarudia wagonjwa.
Mimi akili yangu imebaki gizani, Njoro,
kwenye maharage yaliyoishia njiani,
na haragwe lililoishia njiani ni kama habari nusu,
tumbo haliliamini.
Simu ya Mama inaita hadi inachoka.

Mzee Kisamo, kitanda cha tisa, ananivuta aproni:
"Nesi, hii dripu inakwenda polepole mno."
Ndivyo inavyotakiwa, babu.
"Nani ametaka?"
Sikumtajia ile methali ya haraka na baraka.
Saa tisa usiku methali haina pa kukaa.
Nilihesabu tu naye matone
mpaka akalala, mimi nikabaki na hesabu.

Asubuhi Kibo imetoka bila shuka,
weupe kidogo upande mmoja, kama sabuni ambayo haikusuuzwa.
Napita karibu na mashine ya kusaga, imenyamaza.
Jirani yupo mlangoni na tochi mchana kweupe,
anasoma mita ya LUKU kama barua ya talaka.
Umeme bado.

Nafungua mlango, nanusa kwanza.
Si kuungua. Si kuchacha.

Mezani limebaki gamba la bati, tupu, na waya wake.
Chungu chenyewe kiko pembeni, sakafuni,
juu ya karai la majivu ya moto,
kimefungwa majani ya mgomba yaliyokuja na ndizi,
juu yake sweta, juu ya sweta kanga mbili,
juu ya kanga blanketi langu la zambarau la chuo,
na kamba ya katani kiunoni.
Kando yake, kwenye mkeka, Mama,
mkono mmoja juu ya kile kifurushi,
goti bovu limesogezwa karibu, linaota joto lililopotea njia.

"Umeme ulikufa," anasema bila kufumbua macho.
"Nikakivalisha."
Nani alikufundisha?
"Baba yako alikuwa harudi kwa wakati,
na sikuwa na kuni za kumsubiria."

Tunafungua. Mvuke unaniziba miwani,
kwa muda sioni kitu, nasikia tu kijiko.
Anachukua punje moja, anaibinya
kati ya kidole gumba na cha shahada.
Inasalimu amri.
"Sasa," anasema, "chumvi."

Tunakula bakuli la pili hatujaongea,
ndipo friji inashtuka, redio ya jirani inaropoka katikati ya sentensi,
na kule mezani gamba tupu linawasha taa yake nyekundu,
linaanza kwa uaminifu kupika hewa.
Mama analitazama kwa huruma.
"Mwambie Ndeonasia chungu chake ni kizuri.
Akija tena, alete na blanketi lake."