Daftari la Tabasamu

Mie ndiye niliyekuwa nikilishika,
gamba jekundu, mistari ya penseli,
kila siku saa moja na nusu
mlango wa nyuma wa hoteli, Kiwengwa.
"Vuai, meno. Time, meno."
Kamili ni kumi.
Chini ya saba, fungu lako la bakshishi hulioni.

Siku Bihindi alipopata nne
sikumuuliza kitu. Nne ni nne.
Akajitwika shuka zake, akaingia dobini.

Kisha ukaja ule Machi.
Wageni waliondoka na funguo zetu mifukoni,
bwawa likafanya ukoga,
na siye tukaagwa kwa ujumbe wa simu,
mistari miwili, hata salamu haimo.
Miezi saba nilichimba muhogo Upenja.
Usiku moyo ukinigonga kama mtu mlangoni
nisijue anamtaka nani.

Tulipofungua tukapewa barakoa.
Thelathini na sita tulikuwa;
wamerudi ishirini na mmoja.
Nikasimama palepale, daftari mkononi,
penseli nimeichonga.
Meno hayapo.
Macho tu, arobaini na mawili, yananitazama mie.

"Time, hebu..."
Sikujua niombe nini.
"Umelala?"
Akanikodolea kama nimemtukania mama.
Halafu, chini chini:
"Tangu Ramadhani silali.
Mume wangu, pumzi..."
Hakumaliza. Nikafungua ukurasa:
jina, tarehe, alama.
Safu ya pumzi haimo.

Juzi meneja katuletea mtaalamu,
yuko mbali, ndani ya kompyuta,
uso wake unakwama, unaendelea.
Anatufunza ustahimilivu.
Vuteni pumzi, anasema, hesabuni,
nne ndani,
nne nje.
Vuai kavuta, kakohoa, watu wakasogeza viti.
Mie nimeganda kwenye ile nne.

Nikashuka dobini. Mvuke upo, pasi ipo,
kijana nisiyemjua anakunja mataulo.
"Bihindi? Yuko kwao Makunduchi,
anauza mikate ya ufuta. Hataki kurudi."
Nambari yake kaniandikia
nyuma ya lile gamba jekundu, sikuwa na karatasi nyengine.

Inaita.
Sijapanga la kusema.
Nitamuuliza siku ile alikuwa na nini,
baada ya miaka miwili, kama mdai aliyekumbuka kinyume
kwamba deni ni lake.

"Nani?"
"Mie. Wa daftari."

Kimya.
Nasikia kuku wake,
na mtu anapuliza moto.